Anayeamka Saa Nane za Usiku

Jumuiya yetu hapa Uingereza inajua kubeba msiba. Habari ya kifo ikiingia kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, hadi jioni mweka hazina ameshapatikana, orodha ya michango inazunguka, na akina mama wamegawana nani apike wali na nani alete chai. Kusafirisha mwili hadi Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ni gharama isiyobebeka na familia moja, nasi tumeibeba pamoja mara nyingi. Tuna haki ya kujivunia hilo.

Lakini wengi tunaowachangia hawakuondoka ghafla. Wameugua miaka mitatu, minne, wengine saba: kiharusi, saratani ya tezi dume, ugonjwa wa kusahau. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba ile akiamka saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda, akimwogesha, akimlisha, akihesabu vidonge, akibishana na mapokezi ya kliniki kwa simu. Siku ya msiba tunamkuta amekaa, tunampa pole na bahasha. Alipokuwa anauguza hatukumwona, na ndipo alipotuhitaji.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu milioni 5 hivi katika England na Wales wanaotunza jamaa au rafiki bila malipo. Wetu wamo humo, ingawa wengi wao hawakujaza kile kisanduku, kwa sababu kwao huyo ni mama tu, ni mume tu. Yumo mzazi wa mtoto mwenye selimundu ambaye begi lake la hospitali halifunguliwi, limekaa mlangoni likisubiri maumivu mengine. Wamo wazazi wa watoto wenye usonji walioacha kuja kwenye hafla zetu kwa sababu ya macho ya watu. Yumo binti wa shule anayemtafsiria bibi yake mbele ya daktari, na kusikia habari ambazo mtoto hakupaswa kuwa wa kwanza kuzisikia.

Tena wako dada zetu wanaofanya kazi ya kea. Usiku kucha wanahudumia wazee wa watu wengine kwa mshahara. Asubuhi wanarudi nyumbani na kuanza kazi ile ile kwa mama mkwe. Ya kwanza ina mkataba, likizo na mtu wa kupokea zamu. Ya pili haina hata kimoja, na mgongo unaoinua ni ule ule mmoja.

Sheria ya nchi hii inamtambua mtu huyu zaidi ya tunavyomtambua sisi. Kwa wakazi wa England, Care Act ya mwaka 2014 inampa mtu mzima anayemtunza mwenzake haki ya kufanyiwa tathmini na kaunsili, mahitaji yake yeye mwenyewe yaangaliwe, hata kama mgonjwa amekataa kufanyiwa yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiriwa anaruhusiwa kuomba hadi wiki moja ya likizo kwa mwaka ili amhudumie jamaa yake. Likizo hiyo haina malipo, ila haki inaanza siku ya kwanza kazini. Posho iitwayo Carer's Allowance ilipandishwa hadi pauni 83.30 kwa wiki mnamo Aprili 2025, kwa anayetunza angalau saa 35. Gawanya mwenyewe: haifiki pauni mbili na nusu kwa saa. Na mshahara ukizidi kikomo kilichowekwa hata kwa pauni moja tu, posho ya wiki hiyo yote inapotea. Waliovuka bila kujua wamejikuta wanadaiwa na serikali maelfu ya pauni, kwa hiyo yeyote anayeipokea na kubadilisha zamu kazini atoe taarifa mapema. Asiyeipata posho anaweza bado kustahili kuandikiwa michango ya pensheni ya baadaye akitunza saa 20 au zaidi kwa wiki. Mwenye viza inayokataza misaada ya umma asiiombe posho hii kabla ya kupata ushauri wa kisheria, lakini asiogope kumwendea ofisa wa kaunsili: tathmini ya mtunzaji haihesabiki kuwa msaada wa aina hiyo.

Haki hizi zinampita mtu asiyejua kuuliza, na asiyekuwa na nguvu ya kujaza fomu ndefu baada ya usiku bila usingizi. Hapo ndipo jumuiya inapotakiwa kuingia.

Kuna mwingine anayetudai shukrani wengi wetu, naye hayuko Uingereza kabisa. Ni dada aliyebaki Tanga, Kisumu au Bukavu akimwangalia mama. Sisi tunatuma fedha, na katika kundi la familia anayetuma fedha ndiye mwenye sauti. Tunaamua hospitali, tunaamua dawa, tunauliza risiti. Yeye aliyesikia pumzi ya mama usiku ule haulizwi anaonaje. Biashara yake imefungwa, posa zimepita, ujana umeishia chumba cha mgonjwa. Kisha mama akifariki, tunarudi na masanduku kugawana nyumba, na kuna ndugu anayethubutu kusema dada alikuwa anakaa bure.

Huo ni udhulumaji, na unafanywa na watu wema. Zanzibar imewalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii tangu mwaka 2016, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa umri huo, lakini fedha hizo ni za mzee. Anayemtunza hana fungu humo. Basi fungu lake litoke kwetu: fedha yake mwenyewe kila mwezi, isiyochanganywa na ya dawa wala kuombewa risiti, na mtu wa kulipwa amshike mkono ili naye aweze kwenda harusini, sokoni, au kulala tu.

Niseme pia juu ya maneno. Familia ikimpeleka mzee kwenye nyumba ya wazee, tunawasengenya kwamba wamesahau mila. Wengi wanaosengenya hawajawahi kukaa na mzee huyo hata alasiri moja ili mwanawe apumzike. Mila tunayoitetea ilikuwa na shangazi, majirani na wajukuu kumi uani. Hapa imeachiwa mtu mmoja katika fleti ya ghorofa ya tatu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Anayeuguza naye asiulizwe. Tumezoea kumwambia, "Ukihitaji chochote nipigie," na hapigi, kwa sababu ya aibu, au kwa sababu hajui aanzie wapi. Mpelekee chakula cha siku tatu. Mwambie Jumamosi saa tisa hadi saa kumi na mbili nitakaa na mzee, wewe toka.

Tunaleta mapendekezo matatu kwenye mkutano mkuu. Sehemu ya ada ya mwaka itengwe kwa ajili ya wanaouguza, kando ya mfuko wa misiba. Tupange zamu za kukaa na wagonjwa, na wanaume waandikwe sawasawa na wanawake, kwani kukaa na mzee mwenzao hakuhitaji ustadi wasiokuwa nao. Na wanachama wanaofanya kazi kaunsili, hospitalini au katika sheria watoe saa mbili kila mwezi kusaidia kujaza fomu na kuandika barua. Katibu anaanza kupokea majina wiki hii, ya wanaojitolea na ya wanaouguza. Ya kundi la pili hayatasomwa hadharani, na unaweza kumwandikisha jirani yako baada ya kumwomba ruhusa.