Mbemba, beki aliyengoja: uvumilivu bila karatasi haulishi mtu

Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Léopards na Nigeria walimaliza 1-1, wakaenda penalti. Ya mwisho ilimwangukia nahodha, Chancel Mbemba. Akaiweka ndani, 4-3, Kongo ikapita. Siku tatu kabla, ni yeye pia aliyeifunga Kamerun, dakika 90 zimekwisha kutimia, 1-0. Kasongo, Kabambare, Salamabila, nani alilala mapema usiku ule? Tangu Zaïre ya 1974 tulikuwa hatujakanyaga Coupe du Monde. Baada ya usiku ule ulikuwa umebaki mchujo wa Machi 2026 kule Mexico.

Hayo kila mtu anayajua. Lakini kuna jambo moja ambalo mu furaha tunalipita haraka. Huyu beki aliyetuvusha, msimu wote wa 2024-2025 hakucheza hata mechi moja ya klabu. Hata moja.

Turudi nyuma kidogo. Mbemba alianzia MK Etanchéité ya Kinshasa, akaenda Anderlecht, Ubelgiji, akachukua ubingwa 2014. Mwaka 2015 akanunuliwa na Newcastle ya Uingereza. Wakashuka daraja 2016, wakapanda tena 2017. Mwaka 2018 akahamia Porto, na pale njo jina lake lilikuwa kubwa: ubingwa wa Ureno 2020 na 2022, na fainali ya kombe tarehe 1 Agosti 2020, ambapo yeye, beki, alifunga magoli mawili, Benfica ikalala 2-1. Mwaka 2022 akaingia Marseille.

Watu wa huku tunamkumbuka pia kwa jambo lingine. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu-fainali ya CAN, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, yeye na wenzake waliziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakavielekeza kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema: Mashariki ya Kongo watu wanakufa na dunia imenyamaza. Hapa Maniema ya kusini hakuna aliyehitaji kufasiriwa ile alama.

Miezi michache kisha, klabu yake ikamweka pembeni. Hakupangwa tena. Kocha Sébastien Desabre akaendelea kumwita Léopards, na yeye akaendelea kuja na kuvaa kitambaa cha unahodha. Mkataba ulipoisha katikati ya 2025, akaondoka bure na kusaini Lille. Novemba ikamkuta amesimama sawasawa.

Sasa wengi wanasema: "Mumeona? Uvumilivu unalipa." Wazee wanawaambia vijana hivyo, na wahubiri pia. Mimi sikatai. Lakini kama ni uvumilivu tu, basi vijana wetu wa kariere wangekuwa matajiri zamani. Nani anavumilia kuliko kijana anayeshuka shimo la mita 20 asubuhi, jioni anavaa viatu vya kuazima na kucheza mupira mu vumbi?

Kitu kilichomsaidia Mbemba kungoja mwaka mzima ni karatasi. Alikuwa na mkataba. Mchezaji mwenye mkataba analipwa, apangwe au asipangwe. Klabu inaweza kumnyima uwanja, lakini mshahara haiwezi kumnyima hivi hivi. Akinyimwa, kuna tribinali ya FIFA ya kwenda kulalamika. Njo maana alifanya mazoezi, akala, akalinda mwili wake, akangoja siku yake. Kijana wa kwetu anayecheza kwa neno la mdomo, akivunjika mguu leo, kesho hana klabu wala shimo. PDG wa shimo hatamngoja apone, na rais wa klabu vilevile.

Karatasi inaanzia mbali, tangu kuzaliwa. Mbemba mwenyewe anaijua shida hiyo: mwaka 2013 FIFA ilifungua uchunguzi juu ya tarehe yake ya kuzaliwa, sababu rejista zilikuwa na tarehe zinazopingana. Yeye anashika 8 Agosti 1994. Alipita, lakini si kila mutoto atapita. Na huku kwetu watoto wangapi hawana acte de naissance? Sheria inasema kuandikisha mtoto ni bure mu siku 90 za kwanza. Bure! Baba na mama wanaoota kumuona mtoto wao Ulaya waanzie pale, si kwenye viatu.

Kuna na jambo la pesa ambalo klabu zetu ndogo hazilijui. Kila mchezaji akinunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, FIFA inataka 5% ya bei igawiwe klabu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Miaka ya kwanza minne, kila mwaka ni 0,25% ya bei. Miaka inayofuata, kila mwaka ni 0,5%. Tupige hesabu. Mtoto amechezea klabu ya Kasongo alipokuwa na miaka 13 na 14. Baadaye anauzwa dola milioni 10. Ile klabu ya Kasongo ina haki ya dola 50 000. Kwa mutu anayepima zahabu kwa tola, si haba.

Lakini kuna masharti. Klabu iwe imeandikishwa, mtoto awe na lisansi ya miaka ile. Bila hivyo, hakuna wa kudai. Na mchezaji akiondoka mkataba umekwisha, kama Mbemba alipotoka Porto na alipotoka Marseille, hakuna bei, kwa hiyo ile 5% nayo haipo.

Hadithi hii haiwezi kuwa ngeni kwa wachimbaji. Code minier ya 2018 inasema 15% ya redevance iende moja kwa moja kwa sekta au chefferie ambapo mgodi unafanya kazi. Imeandikwa. Lakini kilichoandikwa kinadaiwa na yule anayejua kwamba kimeandikwa. Namoya ilitoa zahabu kwa matani. Kila mmoja aangalie barabara ya kijiji chake, ajijibu mwenyewe. Mupira na zahabu vinafanana hivi: utajiri unatoka kwetu, hesabu inafanywa mbali, na asiye na karatasi anabaki kupiga makofi.

Basi, mzazi, atakapokuja bwana mwenye simu mbili na kusema "nipe dola 500, mtoto wako ataenda kufanya test Dubai", mwulize maneno matatu. Leseni yako ya FIFA iko wapi? Barua ya klabu inayomwita iko wapi, na simu ya klabu ile ni ipi? Na mtoto ana miaka mingapi? Sababu chini ya miaka 18, FIFA inakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Akianza kukasirika, umekwisha kupata jibu. Usiuze mbuzi.

Na nyinyi viongozi wa klabu za Wamaza, nunueni daftari. Andikeni jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, msimu aliocheza, mtoeni lisansi. Daftari ni franka chache tu.

Desemba 2025 Léopards walikuwa Maroko kwa CAN, na Senegal, Bénin na Botswana mu kundi moja. Tutamuangalia Mbemba tena akiziba njia mbele ya lango. Tumshangilie. Lakini mutoto wako akisema "na mimi nataka kuwa kama yeye", usimwambie tu avumilie. Mwulize kwanza: karatasi yako iko wapi?