Kabla sijakuuzia hiyo chai

Wasee, wiki jana nilipata dili. Ajensi moja ya Nairobi inataka klipu mbili fupi: mimi nimesimama katikati ya majani chai, nimeshika kikombe, nasema hii chai "inaheshimu mfanyakazi". Pesa yao inalipa nyumba miezi miwili. Na mnajua tangu niache chuo mwaka wa pili, hizi klipu ndizo zinanilisha.

Sasa mimi ni wa Bomet. Shangazi yangu amechuna chai ya kampuni tangu niwe darasa la pili. Nikampigia: Shangazi, kampuni inakuheshimu? Akacheka kwanza. "Kampuni ndiyo nani? Mimi namjua nyapara. Asubuhi yeye ndiye anasoma majina."

Hiyo sentensi imenikalia kichwani wiki nzima.

Februari 2023 BBC ilitoa filamu kuhusu mashamba ya huku kwetu, yaliyokuwa kwa miaka mingi chini ya Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Toa mwili ndio upate kazi, au upewe kazi nyepesi. Mmoja alisema aliambukizwa HIV hivyo. Mwandishi wao aliingia kisiri akijifanya anatafuta kibarua. Siku ya kukaribishwa kazini, meneja mmoja akawahutubia wageni kwamba kampuni haivumilii unyanyasaji wa kingono hata kidogo. Halafu meneja huyohuyo akamwalika huyo dada kwenye baa ya hoteli jioni ile, akamtaka.

Soma hapo tena. Sera ilikuwepo, na aliyeisoma kwa sauti ndiye aliyeivunja. Na haikuwa sera ya juzi. Zaidi ya miaka 10 kabla ya filamu, Unilever ilikuwa imelaumiwa kwa mambo yaleyale, ikatangaza msimamo mkali na kuweka njia ya kuripoti. Mashamba yake ya Kericho yalikuwa na cheti cha Rainforest Alliance, ile nembo ya chura, tangu 2007.

Baada ya filamu watu walisimamishwa kazi, sikatai, na Starbucks ikaacha kununua kwa James Finlay kwa muda. Lakini cheki mwaka uliofuata: mwanaume mmoja aliyeonyeshwa kwenye filamu hiyo akachaguliwa mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha wakulima hapohapo Kericho. Wanawake wakaandamana. Manze, hebu jiweke kwenye viatu vya mama aliyetoa ushahidi, halafu asikie hiyo habari sokoni.

Mtu wa mjini ataniuliza, kwani kwa nini hawaripoti? Buda, ripoti inapita kwa nani? Ukiwa kibarua hakuna haja ya kukufuta. Jina lako halisomwi tu, kesho, na keshokutwa. Na kazi yenyewe inaisha. Mashine za kuchuna zimeingia, ndiyo maana Mei 2023 watu walizichoma moto. Mimi siungi mkono kuchoma kitu, ila hesabu ni rahisi: nafasi zikipungua, anayezigawa anazidi kuwa mungu mdogo.

Alafu kuna hii ya kuuziana. Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa CVC 2022, kabla filamu haijatoka. 2023 Browns ya Sri Lanka ikanunua mashamba ya James Finlay, na 2024 ikakubaliana na Lipton kuchukua yake pia. Kibao pale getini kinabadilishwa. Aliyeumizwa 2015 aende kudai kwa nani, London ama Colombo?

Kwa hivyo mtu akiniambia kampuni yake inalinda haki za binadamu, sitaki kuona PDF. Nataka kujua nani anasoma majina asubuhi, na kama kuna mtu mwingine wa kumuuliza mbona fulani amerukwa. Nataka kujua mkandarasi anayeletea kampuni vibarua anakaguliwa na nani, maana hapo ndipo kampuni nyingi hunawa mikono: "huyo si mfanyakazi wetu." Kama mama anaweza kuripoti kwa mtu asiyekula na nyapara, na kesho bado jina lake lisomwe, nitashika kikombe na nitatabasamu bure.

Ajensi niliwaandikia hivyo hivyo Jumanne, maswali matatu kwa heshima. Shangazi alisema nimekuwa mjinga, pesa ni pesa, chukua. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini wakijibu, niambie walichosema."

Tiki mbili za bluu tangu Jumanne. Kodi ni tarehe tano.