Mashine ya Kusaga Ikigoma, Tazama Moshi



Sisi wa Kinyerezi twakaa jirani na mitambo mikubwa ya umeme. Gesi ya Mtwara na Songo Songo huchomwa hapa, na mtambo mmoja tu, Kinyerezi II, una nguvu ya megawati 240. Hata hivyo umeme hukatika hata huku kwetu, na vijijini ziko bado mashine nyingi za kusaga zinazoendeshwa kwa injini ya dizeli. Injini hiyo ikigoma asubuhi, akina mama hupanga ndoo mlangoni hadi jua la utosi. Mwishowe mtoto hutwishwa mahindi kwenda kijiji cha pili, na masomo ya siku ile yamempita. Mwenye mashine naye huanza kunong'ona kwamba amerogwa na jirani. Ndugu yangu, usimsingizie jirani kabla hujatazama moshi.

Kwanza tufahamu kazi ya injini hii. Mjerumani Rudolf Diesel alionyesha injini yake ikifanya kazi vema mjini Augsburg mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche. Wajua kwamba pampu ya baiskeli hupata moto ukijaza upepo. Basi, pistoni hubana hewa hivyo hivyo, lakini kwa nguvu nyingi zaidi, mpaka joto lapita nyuzi 500. Mafuta yakinyunyizwa humo, huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini yataka mambo matatu: mafuta, hewa, na mbano. Moshi utakuambia lipi limepungua.

Ukizungusha handeli na moshi hautoki kabisa, mafuta hayafiki. Tazama tangi, bomba na filta. Pengine tangi lilikauka jana, na hewa ikaingia katika bomba. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, acha mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu. Lakini usiweke kidole mbele ya nozeli. Mafuta yake hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano laweza kumpotezea mtu mkono. Aliyepenywa aende hospitali saa ile ile.

Moshi mweupe ukitoka, mafuta yafika lakini hayawaki. Huenda yana maji. Toa mafuta kidogo chini ya tangi, uyatie katika chupa nyeupe: maji yatakaa chini na dizeli juu. Katika nchi za baridi kama Njombe, huenda injini ni baridi mno. Tia maji ya uvuguvugu katika mfumo wa kupoza. Kama sivyo, pima mbano: zungusha handeli polepole. Ikizunguka kwa wepesi bila kukuzuia, ringi au valvu zimechakaa. Hapo mwite fundi.

Moshi mweusi maana yake hewa ni haba. Safisha kichujio cha hewa. Vumbi la unga na la barabara hukiziba upesi.

Sasa maonyo. Ushikapo handeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana ikirudi kinyume huvunja mkono. Kanga na shati refu vifungwe vema. Usimimine petroli katika njia ya hewa ili kuiamsha. Yaweza kulipuka usoni pako. Tena bomba la moshi litoke nje ya nyumba, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na yaua.

Liko na neno kwa wauza mafuta. Wako waliochanganya mafuta ya taa na dizeli ili wapate faida, hata mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia mafuta alama ya kuwafichua. Mchanganyiko huo haujitengi katika chupa kama maji, na hukausha pampu mpaka ikalika. Mwenye kufanya hivyo avunja Amri ya Saba, na anayelipa ni mjane mwenye debe lake moja la mahindi.

Basi, enyi wenye mashine, andikeni kila siku katika daftari: mafuta yaliyotiwa, filta ilipobadilishwa, rangi ya moshi. Siku ya kugoma, daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maneno mengi, nanyi hamtauziwa pampu mpya kwa ajili ya kasoro ya filta. Na yule jirani mliyekuwa tayari kumshuku, mwiteni aje asaidie kuzungusha handeli.