Njia ya Akiba Ipimwe Mapema

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Bara na Visiwani, ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilizorota. Tangu Februari ya mwaka huo, upande wa kaskazini wa Seacom ulikuwa umekatika katika Bahari ya Shamu. Hivyo kusini kulipoharibika, kaskazini kulikuwa tayari kubovu.

Somo ni dhahiri: wingi wa nyaya si akiba. Nyaya mbili za ukubwa mmoja, kila moja ikiwa imejaa kwa asilimia 60, huonekana salama. Ikikatika moja, iliyobaki hutakiwa kubeba asilimia 120, nayo hulemewa. Vilevile nyaya mbili zilizofukiwa katika mtaro mmoja ni njia moja tu. Mkazi wa Bungu, katika milima ya Usambara, analielewa hilo: barabara mbili zinazotegemea daraja moja hufungwa pamoja daraja likisombwa.

Siku hizi mahesabu hayo hufanywa kwa programu za kompyuta. Mhandisi huingiza ramani ya mtandao, uwezo wa kila njia na mzigo unaotoka mji mmoja kwenda mwingine. Kisha, ndani ya kompyuta tu, huikata kila njia kwa zamu na kuona ni wapi patakapolemewa. Programu hizo husaidia pia kugawa mzigo. Kwa kawaida data hufuata njia iliyohesabiwa kuwa fupi, hata kama imejaa na ya jirani ina nafasi. Mwaka 2000 watafiti Bernard Fortz na Mikkel Thorup walionyesha kuwa kurekebisha hesabu hiyo kwaweza kuongeza sana mzigo unaobebeka, bila kutandika waya mpya.

Hata hivyo, programu ikipewa takwimu za uongo hutoa majibu ya uongo. Kwa hiyo tunaishauri Serikali, kwa kupitia TCRA, iwatake wenye mitandao, pamoja na waendeshaji wa Mkongo wa Taifa, kuonyesha kila mwaka matokeo ya majaribio ya namna hiyo, kwa takwimu zilizokaguliwa. Unguja na Pemba zianze, kwani waya wa baharini ukikatika hutengenezwa kwa meli maalumu, si kwa koleo. Ajizi ni nyumba ya njaa.