Daftari la wiki: Mikono inayopasuka mwambao wa Uvira

Kiganja hakina tezi za mafuta

Kiganja kina tezi nyingi za jasho, lakini mafuta yanayolainisha uso na ngozi ya kichwa hayatoki hapo. Unyevu wake hushikiliwa na mafuta machache yaliyo kati ya chembe za tabaka la juu la ngozi, nayo ndiyo yanayoondolewa na sabuni, saruji na kushinda na mikono majini. Yakiisha, maji ya mwili hupotea kupitia ngozi, tabaka la juu hukakamaa, na kila kidole kinapokunjwa huchanika: kwenye viungo, kwenye ncha ya dole gumba na pembeni mwa kucha. Ndiyo maana mtu anayeshika maji kutwa nzima hukaukwa na mikono kuliko anayeshika karatasi. Maji huingia, hulainisha, kisha huondoka na mafuta.

Maji mawili ya mji mmoja

Uvira, mji wa Kivu Kusini nchini Kongo, umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maji ya bomba ya Regideso, shirika la maji, hutoka mto Mulongwe. Nyumba zisizo na bomba, pamoja na zile ambazo bomba lao limekauka, huchota ziwani. Maji ya ziwa yana magadi: kipimo chake cha pH kinakaribia 9, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Yana pia chumvi za magnesi, na sehemu kubwa ya chumvi hizo huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, ambako chemchemi hupita kwenye miamba ya volkano kabla ya kuingia ziwani. Sabuni ikikutana na magnesi hugeuka utando mweupe unaoshika nguo na ngozi, na povu huchelewa kutoka. Mfuaji huongeza sabuni na kusugua zaidi, na gharama ya povu hilo hulipwa na vidole.

Kazi na majira

Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi huvuta kamba na nyavu zilizolowa hadi alfajiri, kisha samaki huanikwa mchangani au kwenye vichanja, na wale wakubwa kama sangala hutiwa chumvi. Chumvi hunyonya maji ya ngozi, na miba ya mapezi hutoboa palepale palipokwisha kudhoofika. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Ngozi hupata nafasi ya kufunga nyufa siku hizo, ingawa nyavu zinazosubiri kushonwa hazimpi mvuvi mapumziko kamili.

Wanawake wanaomenya na kuloweka mihogo, wanaoosha sombe (majani ya mihogo) na kuuza samaki wabichi hawana likizo ya mwezi. Wajenzi nao, ambao kazi yao iliongezeka baada ya mafuriko ya Aprili 2020 kubomoa nyumba nyingi mjini, hushika saruji mbichi. Saruji iliyoloweshwa ni kali kuliko sabuni yoyote, na inaweza kuunguza ngozi bila maumivu ya mapema. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu huzidisha yote hayo.

Sabuni ya mawese

Sabuni nyingi za vipande zinazouzwa kandokando ya ziwa hupikwa kwa mawese na soda kali iitwayo kostiki. Sabuni ya namna hii ikitengenezwa vizuri hubaki na glisirini yake, ambayo viwanda vikubwa aghalabu huitoa na kuiuza peke yake. Glisirini huvuta unyevu, hivyo sabuni iliyotengenezwa kwa mkono inaweza kuwa nzuri kwa ngozi kuliko ile ya kiwandani.

Hatari iko kwenye vipimo na haraka. Soda ikizidi mafuta, au kipande kikiuzwa kabla ya kukomaa, ile soda iliyobaki humalizia kazi yake kwenye mkono wa mnunuzi. Sabuni iliyopikwa bila moto mkali huhitaji wiki nne hivi za kukaa mahali penye hewa. Kipande kinachowasha mikono kila kikitumika kiachwe kikauke zaidi, au kiwekwe kwa kufulia tu, na mfuaji avae glavu.

Kipindupindu hakisubiri ngozi ipone

Uvira ni miongoni mwa miji ya Kongo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, na kunawa mikono kwa sabuni ni kinga ambayo haina mbadala rahisi. Wakati wa mlipuko, wahudumu hutia klorini kwenye bidoni za wachotaji kandokando ya ziwa. Penye ndoo za kunawia katika vituo vya afya, maji yenye klorini ya asilimia 0.05 hutumika. Yote haya hukausha mikono, na mkono unaouma huanza kukwepa sabuni. Hapo ndipo ukavu unapoacha kuwa jambo la urembo.

Shirika la Afya Duniani lililiona tatizo hili. Dawa yake ya kusugulia mikono kwa wauguzi, yenye spiriti ya asilimia 80, imetiwa glisirini ya asilimia 1.45 kwa kusudi moja: kulinda ngozi, ili muuguzi asiache kuitumia. Nyumbani kanuni ni ileile. Sabuni haipunguzwi. Kinachoongezwa ni mafuta baada ya sabuni.

Kando ya ukucha

Ukucha umeshonwa kwenye kidole kwa ukingo mwembamba wa ngozi unaozuia maji na vijidudu kuingia chini yake. Ukingo huo ukikauka hupasuka na kuacha kingozi kilichosimama, kinachonasa kwenye nguo na kuuma kikivutwa. Mkono wa pili hukifuata. Kikinyofolewa hakikatiki pale kilipokufa, bali huchanika hadi kwenye nyama hai na kuacha jeraha lililo wazi.

Vijidudu vikiingia hapo, kando ya ukucha huvimba, hupiga na kutunga usaha. Wengi huita mdudu wa kidole. Kwa wenye kazi ya maji uvimbe unaweza kuwa wa polepole, wa miezi, ukiletwa na unyevu usiokauka pamoja na kuvu, hadi ukucha wenyewe ukawa na mabonde. Kuna jambo jingine la miaka hii. Aina mpya ya virusi vya mpox, ugonjwa wa homa na malengelenge, ilitambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, na mwaka uliofuata Uvira ukapata wagonjwa wengi. Virusi hivyo huenea kwa kugusana na huingia kwa urahisi kupitia ngozi iliyochubuka. Anayemuuguza mgonjwa hana budi kufunika kila ufa wa mkono wake.

Mkono unaotafuta

Kunyofoa ngozi ya vidole huanza na kingozi kimoja na huweza kuwa mazoea. Vidole hupapasa vyenyewe, katika foleni ya maji, kwenye gari au wakati wa mawazo, na mtu hugundua baada ya damu kutoka. Wengi hufanya hivyo kidogo bila madhara. Wachache hushindwa kabisa kuacha, na tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanaiorodhesha hali hiyo miongoni mwa magonjwa yaliyo jirani na wasiwasi wa kurudiarudia. Kumkaripia mtu wa namna hiyo au kumpiga mtoto mikono huongeza mawazo, nayo mawazo huongeza kunyofoa.

Njia iliyojaribiwa zaidi ilitolewa na wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973. Kwanza mtu hujifunza kutambua saa na mahali mkono unapoanza. Pili, kila unapoanza, hufanya tendo jingine lisiloweza kwenda pamoja na kunyofoa: kukunja ngumi, au kushika kitu kwa dakika moja au zaidi. Tatu, ndugu mmoja wa karibu humkumbusha kwa upole na kumsifu anapofaulu. Kwa Waislamu na Wakatoliki, tasbihi au rozari mkononi hufaa sana kwa hatua ya pili. Kingozi chenyewe kikatwe kwa mkasi mdogo safi au kikata kucha, karibu na shina, kisha kipakwe mafuta, kwa kuwa ngozi laini haiupi mkono kitu cha kutafuta.

Mafuta, kwa utaratibu

Mafuta ya bei nafuu yanatosha. Vaselini, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, huziba njia ya maji kutoka. Mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) na ya mawese hufanya hivyo pia, ingawa mawese hutia rangi nguo. Glisirini ichanganywe na maji, isipakwe tupu kwenye ngozi kavu.

Wakati wa kupaka una uzito zaidi kuliko jina la mafuta. Mikono ioshwe, sabuni isuuzwe yote, ifutwe bila kusuguliwa, kisha ipakwe ikiwa bado na unyevu. Usiku nyufa zipakwe kwa wingi na kufunikwa kwa soksi safi ya pamba. Pete ivuliwe wakati wa kuosha, maana sabuni hubaki chini yake. Mafuta ya kujichubua yasipakwe kwenye nyufa: mengi yana dawa kama klobetasoli, ambayo hutuliza kwa siku chache na kuifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Usaha, uvimbe unaopanda mkono, mstari mwekundu au mweusi unaoelekea kiwiko, na homa ni mambo ya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asingoje hata dalili ya pili. Malengelenge mapya yenye homa yaonyeshwe haraka kwa sababu ya mpox. Ufa uliotoboka kwa mwiba au chuma unahitaji kuulizwa habari ya chanjo ya pepopunda. Na nyufa zisizouma, katika mkono uliokufa ganzi, zichunguzwe kwa ukoma, ambao bado upo Kongo na unatibika kwa dawa zinazotolewa bure. Nyufa nyingine zote hutibiwa nyumbani: sabuni kila inapohitajika, na mafuta kila baada ya sabuni.