Chaneli ya 16 haina mpaka, ila nani anasikiliza?

Mfanyabiashara anayetoka Wete kwenda Tanga au Shimoni na magunia yake hukaguliwa mara kadhaa kabla chombo hakijang'oa nanga. Ataulizwa hati ya kusafiria, risiti ya ushuru, cheti cha usafi wa mimea na, siku ikiwa mbaya, mambo mengine yasiyo na risiti. Swali ambalo ni nadra kulisikia gatini ni hili: chombo kikianza kuingia maji katikati ya mkondo, nahodha atamwita nani, na kwa kifaa gani?

Wengi watajibu kuwa simu ya mkononi ipo. Lakini simu humfikia mtu mmoja tu, naye huenda amelala, na huenda hajui hata namba ya kikosi cha uokoaji. Karibu na mpaka wa bahari simu hudaka mtandao wa nchi ya pili, salio linakataa, na ukisogea mbele kidogo hakuna mtandao wowote. Redio ya VHF ya vyombo vya majini hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ukibonyeza kitufe kwenye chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, kila mwenye redio iliyo wazi katika eneo hilo anakusikia kwa wakati mmoja: meli ya makontena inayoelekea Mombasa, boti ya abiria, boti ya wavuvi wakubwa, kituo cha nchi kavu. Redio haihitaji vocha, wala haiulizi umesajiliwa Tanzania au Kenya.

Kwa nini basi vyombo vingi vinavyobeba mizigo yetu havina redio hiyo? Sehemu ya jibu imo katika historia ya sheria yenyewe. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, meli nyingine, Californian, haikuwa mbali, lakini mtu wake wa redio alikuwa amezima mitambo na kwenda kulala. Kutokana na msiba huo ulizaliwa mwaka 1914 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS. Hadi leo masharti yake ya redio yanazihusu meli za abiria zinazosafiri kati ya nchi na nchi, pamoja na meli za mizigo za kuanzia tani 300. Vyombo vya mbao vilivyoundwa kienyeji vimeachwa nje waziwazi. Kwa hiyo jahazi linalobeba karafuu, vitunguu na mitumba halibanwi na mkataba huo. Limeachiwa sheria za kila nchi na dhamiri ya mwenye chombo.

Mwandishi wa makala haya alivuka kutoka Tanga kwenda Pemba katika chombo kilichokuwa na redio nzuri, imefungwa vizuri karibu na usukani. Nilipoomba iwashwe, baharia alicheka. Betri yake ilikuwa imehamishiwa kwenye taa na muziki.

Kuitumia redio hakuhitaji elimu kubwa, ila kunahitaji mpangilio, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu husema mengi na kusahau la muhimu. Neno la kwanza ni Mayday, mara tatu. Lilianza kutumika miaka ya 1920, likichukuliwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni", na nahodha wa meli kutoka Ugiriki au Ufilipino analielewa kama anavyolielewa wa Kojani. Kinachofuata kinaweza kuwa hivi:

"Mayday, Mayday, Mayday. Hili ni jahazi Subira, jahazi Subira, jahazi Subira. Mayday, jahazi Subira. Tupo maili 7 magharibi ya Ras Kigomasha, Pemba. Chombo kinaingia maji, mashine imezimika. Tunahitaji kuokolewa mara moja. Tupo watu 14, maboya 6. Jahazi la mbao, tanga jeupe. Ova."

Mahali mlipo hutajwa mapema kwa makusudi: betri ikikatika baada ya sentensi tatu, angalau wajue pa kuja. Ukimaliza, achia kitufe. Wapo wanaokishikilia kwa hofu, na kitufe kikiwa kimebonyezwa huwezi kumsikia anayekujibu. Kama hakuna jibu, rudia. Kama chomboni yupo anayejua Kiingereza, arudie mahali na idadi ya watu kwa lugha hiyo, kwani meli kubwa zinazopita pwani yetu hazina mtu wa Kiswahili. Mashine ikiwa imezimika tu na hakuna hatari ya papo hapo, maneno ni Pan-pan, si Mayday. Na chaneli ya 16 si baraza la kuulizana bei ya pweza. Mkisha kuitana, hamieni chaneli nyingine.

Redio za kisasa zina pia kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikishikilia kwa sekunde chache, redio yenyewe hutuma ujumbe wa dharura kupitia chaneli ya 70, ukiwa na namba ya utambulisho ya tarakimu 9 na, ikiwa imeunganishwa na GPS, mahali chombo kilipo. Tarakimu 3 za mwanzo hutaja nchi: 634 ni Kenya, 675 ni Uganda, 674 na 677 ni Tanzania. Ila namba hiyo huombwa na kuingizwa katika redio. Ukinunua redio dukani ukaifunga bila namba, kitufe hicho ni pambo.

Umbali nao una kanuni yake, na hapa wengi hudanganyika kwa kutazama nguvu ya redio. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama jicho linavyoona, kwa hiyo kimo cha antena ndicho chenye uzito. Redio ya mkononi iliyoshikwa na mtu aliyeketi kwenye mashua itafika kilomita 10 hivi kwa mwenzake aliye sawa naye. Antena iliyofungwa mita 5 juu ya mlingoti, ikielekezana na mnara wa mita 100 nchi kavu, inaweza kukaribia kilomita 50, ambao ni takriban upana wa mkondo wa Pemba. Yaani kutoka katikati ya mkondo sauti inafika pwani zote mbili, mradi kuna mnara na kuna sikio.

Hapo ndipo serikali zetu zinapohusika. Mwaka 2006 Mombasa ilifunguliwa kituo cha kikanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji, na Dar es Salaam ipo yenye kituo chake. Zanzibar kuna KMKM, na Kenya ilianzisha kikosi chake cha walinzi wa pwani mwaka 2018. Ziwa Victoria, ambako samaki, mahindi na nguo huvuka kati ya nchi tatu, mradi unaosimamiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Kisumu umeipangia Mwanza kituo cha kikanda cha uokoaji, pamoja na kupanua mtandao wa simu ziwani. Ni hatua njema. Hata hivyo, kuegemea simu kunarudisha udhauri uleule: mvuvi aliye mita 800 kutoka kwako hatausikia wito wako wa simu, na mara nyingi ndiye anayefika kwanza. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikienda Pemba, wavuvi na boti za Nungwi walikuwa miongoni mwa waliowatoa watu majini.

Redio haizuii chombo kujazwa kupita kiasi. MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati la Ukara, mbele ya macho ya watu, na zaidi ya 220 walikufa. Pale hapakukosekana wa kuitwa.

Lakini kwa misiba inayotokea mbali na macho, mfanyabiashara ana nguvu asiyoitumia. Yeye ndiye mwenye nauli ya mzigo. Redio ndogo ya mkononi isiyoingia maji haifiki bei ya gunia moja la karafuu kavu, na gharama hiyo wenye shehena kumi katika jahazi moja wanaweza kuichanga kwa safari moja. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo huketi na maofisa wa forodha kudai fomu zipunguzwe, vingeweza kudai pia leseni ya redio na namba ya utambulisho vitolewe palepale bandarini, Wete, Shimoni au Kasenyi, bila mtu kufunga safari hadi makao makuu.

Kabla ya hayo, kuna jambo la dakika mbili. Unapokabidhi mzigo, mwombe nahodha aiwashe redio na kuita chombo kingine gatini kwa chaneli ya kawaida, si ya 16. Ikijibiwa, pakia. Isipojibiwa, uliza betri iko wapi.