BWANA SHAMBA ANASEMA: Linda breki za baiskeli yako safarini



Baiskeli hubeba mahindi kwenda mashineni. Hubeba maziwa kwenda sokoni. Lakini siku nyingine baiskeli nayo hubebwa kwa gari, ikitoka dukani au ikienda kwa fundi. Siku hizi baadhi ya baiskeli zina breki za mafuta. Breki hizi zinataka uangalifu zikiwa safarini.

Utazitambuaje? Minya mkono wa breki, kisha tazama karibu na gurudumu. Ukiona waya unavutwa, hiyo ni breki ya waya. Breki ya mafuta haina waya. Ina mrija wenye mafuta ndani yake. Ukiminya mkono, mafuta husukuma pedi mbili. Pedi huibana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, na baiskeli husimama.

Adui wa breki hii ni hewa. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Hewa ikiingia kwenye mrija, mkono hulegea na breki haishiki. Fikiri unateremka mlima, gunia liko nyuma, na breki haishiki. Hapo ni hatari kwako na kwa watu walio njiani.

Basi, fanya hivi:

1. Simamisha baiskeli ndani ya pikapu kama inavyosimama barabarani. Usiigeuze magurudumu juu. Hewa iliyo katika kikopo cha mafuta, penye mkono wa breki, inaweza kuingia kwenye mrija.

2. Kama gari ni dogo na ni lazima kutoa gurudumu, kunja kipande safi cha boksi gumu. Kiweke katikati ya pedi mbili. Usiminye mkono wa breki. Waonye na watoto. Ukiminya, pedi zitasogeleana na sahani haitaingia tena.

3. Laza gurudumu, sahani ikiwa juu. Usiweke mzigo juu yake. Sahani ikipinda, itakwaruza.

4. Weka baiskeli mbali na madumu ya mafuta ya taa, dizeli au mafuta ya kula. Mafuta yakigusa sahani au pedi, breki itateleza.

5. Funga baiskeli kwa kamba za mpira kwenye fremu. Usifunge juu ya mrija, wala usiukunje.

Ukifika, rudisha gurudumu na ukaze vizuri. Simamisha baiskeli. Minya kila breki polepole mara kumi. Kisha isukume kwa miguu mahali tambarare na ujaribu breki. Kama mkono bado ni mlegevu, au unagusa usukani, usipande. Ikokote mpaka kwa fundi anayezijua breki hizi.

Usiongeze mafuta kwa kubahatisha. Yako ya aina mbalimbali na hayachanganywi. Mafuta yasiyo yake huharibu mipira iliyo ndani ya breki. Mafuta ya kula na ya injini hayafai kabisa.

Kumkumbusha dereva au utingo si ugomvi. Baiskeli ni yako, na maisha ni yako.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini hewa ni adui wa breki ya mafuta?
2. Ukitoa gurudumu, utaweka nini kati ya pedi?
3. Utafanya nini kabla ya kupanda baiskeli iliyoshushwa kwenye gari?